Geuza Chupa, Soma Mgongoni

Mbukwenyi wasomaji wangu.

Toleo lililopita nilijibu swali moja dogo la vitamini D nikadhani yamekwisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Mbali na walioandika, wapo waliokuja na chupa zenyewe hadi kwenye duka langu la dawa hapa Chang'ombe, Dodoma, wamezifunga kwenye mifuko ya khaki, wanazitua kauntani kama mtu aliyeleta kuku wa kuuza. Nimezipanga dirishani, ziko kumi na moja. Maneno makubwa ya kupendeza yako mbele. Maneno ya maana yako nyuma, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa, na miwani yangu haiyafikii tena. Ninachofanya ni kupiga picha kwa simu, kisha navuta kwa vidole viwili mpaka herufi inakuwa kubwa kama punje ya mahindi. Fanyeni hivyo kabla hamjasoma majibu ya leo, maana karibu yote yanatoka huko nyuma.

Shikamoo mama. Nina chupa mbili za vitamini D. Moja kaka yangu kanitumia kutoka Marekani, imeandikwa 125%. Nyingine kaniletea shoga yangu aliyekuwa Uingereza, imeandikwa 200%. Mume wangu anasema hii ya 200 niitupe, imezidi mahitaji ya mwili mara mbili. Nina miaka 41, sina ugonjwa. Nimeze ipi? — Mama wawili, Ilazo

Marahaba mwanangu. Mumeo hesabu anaijua, ila amelinganisha debe na pishi. Ukiona asilimia, swali la kwanza ni: mia yenyewe ni kiasi gani? Marekani wamekubaliana kwamba mia kwa mia ya vitamini D kwenye lebo ni mikrogramu 20. Ulaya na Uingereza mia yao ni mikrogramu 5 tu. Haya, piga hesabu upya. Chupa ya kaka ina asilimia 125 ya 20, ambayo ni mikrogramu 25. Chupa ya shoga ina asilimia 200 ya 5, ambayo ni mikrogramu 10. Ile anayoiogopa mumeo ndiyo nyepesi, haifikii hata nusu ya mwenzake.

Ndiyo maana mimi asilimia huwa siitazami kabisa. Natafuta namba iliyo na "mcg" (wengine huandika "µg", ni kitu kilekile, mikrogramu) au "IU", yaani yuniti za kimataifa. Mikrogramu 1 ya vitamini D ni sawa na IU 40. Basi. Andika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni kama unapenda. Chupa ya kaka ni IU 1,000, ya shoga ni IU 400.

Wengine mtasema mnayo chupa ya Marekani ya IU 1,000 iliyoandikwa 250%. Hiyo ni ya zamani. Sheria ya lebo kule ilibadilishwa mwaka 2016 na viwanda vikapewa miaka kadhaa ya kuifuata. Kabla ya hapo mia yao ilikuwa IU 400. Ukiikuta leo dukani, usihangaike na asilimia, angalia kwanza kama haijaisha muda.

Angalia na herufi c katika "mcg". Ikidondoka inabaki "mg", miligramu, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000, yaani IU 40,000. Juzi kijana mmoja alinisomea lebo kwa simu, "mama, imeandikwa miligramu ishirini na tano." Nikakaa chini kwanza. Ilikuwa mcg.

Turudi kwako. Nilikuomba picha ya mgongo wa chupa ya kaka, ukaituma, ahsante. Mstari wa kwanza kabisa ndani ya kile kiboksi umeandikwa "Serving Size: 2 softgels". Maana yake ni kwamba namba zote zilizo chini yake ni za vidonge viwili, si kimoja. Zile IU 1,000 zilizoandikwa mbele utazipata ukimeza viwili. Kimoja kina 500. Hapo watu wengi huteleza, na kiwandani wanajua, kwa sababu namba kubwa huuza.

Sasa kuhusu umeze ipi. Kamati ya wataalamu wa Marekani ilipanga mwaka 2011 kwamba mtu wa mwaka 1 hadi miaka 70 anahitaji IU 600 kwa siku, aliyevuka 70 anahitaji 800, na kuanzia miaka 9 mtu asizidishe 4,000 kwa siku bila daktari. Waingereza wao wanatosheka na 400. Namba hizi zinajumlisha kila kitu, chakula na vidonge, hata ile multivitamini na ile kalsiamu yenye D ndani ambayo wengi mnaisahau kwenye hesabu. Halafu mwaka 2024 madaktari bingwa wa homoni wa Marekani walitoa mwongozo unaosema mtu mzima mwenye afya aliye chini ya miaka 50 hana haja ya kumeza zaidi ya mahitaji hayo ya kawaida, wala kukimbilia kupima damu. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ile ya shoga kimoja kwa siku, ukijumlisha na chakula, inatosha, na umeze na chakula chenye mafuta kidogo kwa kuwa vitamini D husafiri na mafuta. Ya kaka mwekee mama mkwe, kama amevuka 70 na hatumii dawa nitakazozitaja huko chini.

Mama, mimi ni mtumishi, ofisi yetu iko Mtumba. Nilipima afya nikaambiwa vitamini D yangu ni 22, iko chini. Nimeshangaa. Dodoma hii ya jua la kupasua mawe, mtu anakosaje vitamini ya jua? Au wanataka tu kuniuzia vidonge? — Mtumishi, Kisasa

Inawezekana kukosa, na inawezekana pia hujakosa. Ngoja nianze na jua.

Unatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unapanda basi la ofisi, unakaa dirishani. Unashinda ndani. Saa kumi na moja jioni basi linakurudisha. Jua umeliona siku nzima, lakini umeliona kupitia kioo, na kioo cha dirisha hukamata ule mwanga ambao ngozi huutumia kutengeneza vitamini D. Joto linapita, mwanga wa kazi haupiti. Unaweza kuungua mkono wa upande wa dirisha kwa joto na usipate kitu.

Pia jua la saa moja asubuhi, ambalo bibi zetu wanalisifu sana, linapasha moto mwili vizuri ila kwa vitamini D ni hafifu. Kipimo rahisi ni kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haitengenezi cha maana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, kazi inafanyika. Huhitaji kukaa mpaka uungue. Ngozi nyeusi huchukua muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, lakini kutembea kwa miguu kwenda kula mchana, mikono ikiwa wazi, siku kadhaa kwa wiki, hapa kwetu karibu na ikweta si kidogo.

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliopima damu za Wamasai na Wahadza, hawa majirani zetu wa Ziwa Eyasi. Wastani ulikuwa nmol 115 kwa lita (nmol ni nanomoli, kipimo cha maabara), bila kidonge chochote. Ni watu wanaoshinda nje, na mchana jua likizidi wanakwenda kivulini kama mtu yeyote mwenye akili. Kwa hiyo jua la kwetu halina kosa. Kosa ni ratiba yako.

Sasa hiyo 22. Ishirini na mbili ya nini? Karatasi ya maabara lazima iwe na kipimo pembeni. Kuna maabara zinazoandika ng/ml na kuna zinazoandika nmol/l, na ya kwanza ukiizidisha mara 2.5 unapata ya pili. Kama ni 22 ng/ml, hiyo ni 55 nmol/l, na ile kamati ya 2011 ilisema 50 inawatosha karibu watu wote. Ungekuwa hujakosa. Kama ni 22 nmol/l, uko chini ya 30, na hapo ni upungufu wa kweli unaohitaji tiba. Watu wawili wenye 22 kila mmoja, mmoja mzima, mwingine ana shida. Itafute ile karatasi kabla hujanunua kitu.

Neno moja la ziada, maana wengi mmeniandikia kuhusu watoto wenye matege. Vitamini D kazi yake kubwa ni kulisaidia tumbo kunyonya kalsiamu. Kama kalsiamu yenyewe haimo kwenye chakula, vitamini D haina cha kunyonya. Nigeria, nchi yenye jua kama letu, watoto walikuwa wanapata matege, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha wanapona vizuri zaidi wakipewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, kuliko vitamini D peke yake. Mtoto anayekula ugali wa uwele asubuhi na jioni bila maziwa, bila dagaa wa kutafuna na mifupa yake, usimpeleke kwenye chupa ya matone ukadhani umemaliza. Na huko Singida na maeneo mengine yenye maji ya floridi nyingi, mifupa inaweza kupinda kwa sababu ya maji. Matege yaende hospitali, yasije dukani.

Habari za kazi mama. Nina mtoto wa miezi mitatu, ananyonya tu. Rafiki yangu kanigawia matone yake ya vitamini D, ila dropa yake ilivunjika, natumia ya dawa nyingine. Nampa ml 1 kama nilivyokuwa nampa mtoto wa kwanza. Ni sawa? — Mama wa mtoto wa pili, Nkuhungu

Nzuri mwanangu, lakini simamisha leo hii, halafu endelea kusoma.

Mtoto anayenyonya kweli anahitaji nyongeza, maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana, na kiasi kinachoshauriwa ni IU 400 kwa siku. Mpaka hapo uko sawa. Ugumu uko kwenye hiyo ml 1. Kuna chupa ambazo IU 400 ziko kwenye ml 1 nzima. Na kuna chupa, zinafanana kwa umbo na hata kwa rangi ya kifuniko, ambazo IU 400 ziko kwenye tone moja. Tone moja!

Nilikuwa nazo zote mbili hapa dukani, nikafanya jaribio usiku baada ya kufunga. Nilichukua ile ya tone moja, nikavuta ml 1 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikaanza kudondoshea kwenye kijiko nikihesabu. Ni mafuta, matone yake ni madogo. Nilihesabu 31. Zidisha kwa 400: IU 12,400 katika ile ml moja, kwa mtoto ambaye kikomo chake kabla ya miezi 6 ni IU 1,000 kwa siku. Umempa dozi ya mwezi kwa mara moja, na kesho unarudia.

Hili la dropa si langu peke yangu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2010 kwamba baadhi ya dropa zinazouzwa na matone haya zinabeba zaidi ya dozi ya mtoto. Kwa hiyo dropa ya chupa moja haihamii chupa nyingine, hata kama inaingia vizuri mdomoni. Tazama picha ya lebo yako, tafuta neno "per": ni "per drop" au "per ml"? Kama ni IU 400 kwa ml, uko salama. Kama ni tone, mpeleke mtoto kituo cha afya leo na uende na chupa, hasa kama anatapika, anakosa choo, hataki kunyonya au anakojoa kupita kawaida. Na hata kama ni ml, mtafutie dropa yake. Nipigie dukani ukishajua, nisilale na wasiwasi.

Mke wangu anatumia dawa za kifafa miaka mingi. Daktari kamwandikia vitamini D ya 60,000, vidonge vinane. Mimi najua vitamini D ni 1,000. Hii si sumu? — Mume, Manyoni

Si sumu, ikimezwa kama ilivyokusudiwa. Dawa nyingi za kifafa, kama fenobabito, fenitoini na kabamazepini, hulifanya ini livunje vitamini D haraka, na mgonjwa anaweza kupungukiwa hata akishinda shambani. Daktari wake amefikiri vizuri. Ila kidonge cha 60,000 ni cha wiki, si cha siku. Vinane ni vya wiki nane.

Naomba univumilie nieleze hili kwa kirefu, limetokea kwetu.

Shangazi yangu wa Kibaigwa, mama wa miaka 68, aliandikiwa vidonge hivihivi kwenye zahanati moja. Kwa mdomo aliambiwa kila wiki. Lakini bahasha aliyopewa dirishani iliandikwa 1x1, na ninyi mnajua 1x1 kwa Mtanzania maana yake nini: kimoja, mara moja kwa siku. Shangazi aliamini bahasha. Vinane vikaisha siku ya nane. Na kwa kuwa alijisikia mwepesi wa magoti, akamtuma mjukuu na lile ganda tupu akanunue vingine vinane. Akauziwa, hakuna aliyeuliza.

Nilikwenda kumsalimia Jumapili moja. Nikamkuta ana jagi la maji kando ya kiti. Anakunywa, anakwenda chooni, anarudi anakunywa. Chakula hataki, anasema kinamchefua. Choo kikubwa siku ya tano hakijatoka. Watoto wake walishasema ni kisukari, wakampima, sukari iko sawa. Kilichonishtua mimi ni kwamba aliniuliza mara tatu nimekuja na nani, na shangazi yule hasahau deni la mwaka 1987. Nikaomba dawa zake zote. Akaleta kimfuko: dawa ya presha, ile ya kukojoza, haidroklorothiazaidi, na maganda mawili ya fedha, matupu. Nikavuta picha kwa vidole. 60,000 IU. Kumi na sita mara sitini elfu, siku kumi na sita. Laki tisa na sitini elfu.

Tulikwenda hospitali jioni ileile. Kalsiamu ya damu ilikuwa imepanda. Vitamini D ikizidi, tumbo hunyonya kalsiamu bila breki, na zile dawa za presha za jamii ya thiazaidi huzuia figo zisiitoe, kwa hiyo alikuwa amefungiwa mlango pande zote mbili. Alitundikiwa maji, dawa ya presha ikabadilishwa, vidonge vikasimamishwa. Haikushuka kwa siku moja wala mbili. Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, ilichukua wiki kadhaa kabla hajarudi kunidai mambo yangu ya 1987.

Sitaji zahanati wala duka, na sina usafi wa kuwanyooshea kidole. Miaka thelathini na kitu nimeandika 1x1 kwenye bahasha huku foleni imefika barabarani, na sijui ni ngapi nilizikosea. Siku hizi dawa ya wiki siandiki kwa alama. Naandika JUMAMOSI TU, kwa herufi kubwa, na nachora duara.

Kwa hiyo, kaka yangu wa Manyoni, chagua siku moja ya wiki. Siku ya mnada ni nzuri, haisahauliki. Andika kwenye kalenda ukutani tarehe zote nane za siku hiyo, moja kila wiki. Vikiisha, asiongeze mpaka daktari aseme, na kama anatumia dawa ya presha au ya moyo, daktari aijue.

Asalaam aleikum. Hivi vidonge vya mafuta vya vitamini D, lile gamba la nje limetengenezwa na nini? Nimesikia ni nguruwe. — Kondoa

Waaleikum salaam. Lile gamba laini kwa kawaida ni jelatini, na jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe. Nenda chini ya kiboksi cha namba, kwenye orodha ya "Other Ingredients". Ikiandikwa "bovine" ni ng'ombe, "porcine" ni nguruwe, na ikiandikwa jelatini peke yake bila mnyama, hawajakuambia. Tafuta yenye alama ya halali au chukua kidonge kigumu ama matone. Vitamini D3 yenyewe mara nyingi hutengenezwa kutokana na mafuta ya sufi ya kondoo, si nguruwe. D2 hutoka kwenye jamii ya uyoga na hamira. Zote mbili zinafanya kazi, ila D3 hupandisha kiwango cha damu zaidi na hukaa muda mrefu, ndiyo maana chupa nyingi ni D3.

Mimi nina ualbino. Fundi wangu wa kazi aliniambia nikae juani dakika ishirini kila siku nisikose vitamini D. — Mpwapwa

Mwambie fundi wako ashike patasi. Usikae juani kwa ajili ya vitamini, hata dakika tano. Ngozi isiyo na rangi huhitaji mwanga kidogo sana kuitengeneza, na huo unaupata ukivuka barabara. Saratani ya ngozi ndiyo hatari yako. Endelea na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga. Kama una wasiwasi, IU 600 kwa siku ya kidonge inafanya kazi yote ya jua bila kukuunguza.

Kwenye basi la Dodoma kwenda Kongwa kijana anauza vitamini D, anasema inazuia saratani, moyo na kisukari, na inaongeza nguvu za kiume. Chupa imetoka Marekani kabisa, nimeona. Nimenunua mbili. — Baba, Kongwa

Kaka, "imetoka Marekani" haimaanishi imekaguliwa Marekani. Kwa sheria yao ya mwaka 1994, saplimenti huingia sokoni bila serikali kuidhinisha kwanza kama inavyofanya kwa dawa. Mwenye kiwanda ndiye anayebeba dhamana. Ndiyo maana nyuma ya chupa utakuta sentensi ndogo inayosema maelezo haya hayajapitiwa na mamlaka yao na bidhaa haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Msome kijana wa basi sentensi hiyo. Ukiona alama ya USP au NSF, hapo angalau kuna taasisi huru imepima kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Na bidhaa inayodai kutibu inajiita dawa, na dawa kwetu husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muulize namba ya usajili uone kama hatashuka kituo kinachofuata.

Kuhusu saratani na moyo, limefanyiwa kazi kubwa. Watu 25,871 walifuatiliwa Marekani kwa miaka kama mitano, nusu wakimeza IU 2,000 za D3 kila siku na nusu wakimeza kidonge kitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2018: waliopata saratani na waliopata maradhi ya moyo hawakupungua kwa sababu ya vitamini. Mwaka 2022 wakaongeza kwamba hata kuvunjika mifupa hakukupungua. Hawa walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuchaguliwa kwa upungufu. Aliyepungukiwa ni habari nyingine. Nguvu za kiume sizijibu, mmeniuliza mwaka jana mara sita.

Niliacha chupa kwenye gari, pale eneo la Sabasaba, mchana kutwa. Vidonge vimegandamana kama tende. Bado vinafaa? — Dereva

Lebo yako inasema visizidi nyuzi 25. Ndani ya gari lililofungwa mchana wa Oktoba Dodoma unakaanga yai. Vilivyogandamana vimeyeyuka gamba, hujui tena unameza kimoja au viwili. Tupa, na si kwa kuku.

Mama, nina kuku wa kienyeji. Nikila mayai tu, nitapata vitamini D ya kutosha? — Singida

Imo kwenye kiini, usile ute ukaacha kiini kama wale wa mazoezi. Yai moja la kawaida lina kama IU 40, na kuku anayeshinda juani akichakura hutaga lenye zaidi ya yule wa bandani, kwa hiyo kuku wako wanamzidi hata yule mtumishi wa Mtumba. Ukihesabu kwa 40, kufikisha 600 kwa mayai peke yake unahitaji mayai kumi na tano kila siku. Mwanangu, hapo kuku wenyewe watagoma.